Prosesa inachemka, au kiini kimoja kina joto kuliko vingine: namna ya kutafuta chanzo

Tabora, kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba zikaribie, kompyuta ya mezani inapigwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: joto na vumbi. Steshenari ya Ng'ambo au Isevya yenye mlango unaotazamana na barabara ya udongo inaweza kufika nyuzi 32 ndani ikifika saa nane mchana, na kila bodaboda inayopita inaacha fungu lake la vumbi. Hapo ndipo mashine inaanza kuvuma, inakuwa nzito, na mara inazima mteja akiwa katikati ya fomu ya mkopo wa chuo. Wengi hukimbilia kununua feni au kupaka pesti mpya (ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kuipoza). Usinunue kitu kwanza. Namna joto la prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta, yenye viini kadhaa vinavyogawana kazi) linavyopanda na linavyoshuka ndiyo inayosema ubovu uko wapi, na kulipima hakutakugharimu zaidi ya nusu saa.

Nyuzi ngapi ni nyingi?

Namba ya prosesa peke yake haina maana mpaka ujue joto la chumba. Feni na hitisinki (chuma chenye mapezi kinachobeba joto la prosesa) haziwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoingia. Kazi yake ni kupunguza pengo kati ya viwili hivyo. Weka kipimajoto mbele ya kasha, pale hewa inapoingilia, siyo juu yake wala nyuma. Kisha andika pengo: joto la prosesa toa joto la chumba. Mashine iliyofika 70 asubuhi ya Julai chumba kikiwa na nyuzi 22 itafika karibu 80 mchana wa Oktoba chumba kikiwa na 32, na hakuna kilichoharibika. Kwa prosesa ya wati 65 yenye kipozaji chake cha kiwandani (hitisinki pamoja na feni yake), pengo la nyuzi 40 hadi 50 ikifanya kazi kwa nguvu zote ni la kawaida. Likivuka 60, kuna kitu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, inabeba joto pungufu kidogo. Kwa hiyo mashine iliyopimwa Kariakoo ikaonekana safi inaweza kuongeza nyuzi chache ikifika huku bila kosa la mtu yeyote.

Prosesa nyingi za Intel Core za mezani zina kikomo cha nyuzi 100, au karibu na hapo kwa zile za zamani kidogo. Ryzen nyingi za AMD kikomo chake ni 95. AMD za zamani za FX na Athlon II hazivumilii hivyo: kikomo ni kati ya 60 na 75 kutegemea modeli, kwa hiyo usizipime kwa kipimo cha Intel.

Prosesa ikifika kikomo haizimi hapohapo. Kwanza inajipunguzia kasi, na ndiyo maana mashine inakuwa nzito. Kuzima ghafla kunakuja mwishoni, kujipunguzia kasi kukishashindwa. Mashine ya Intel Core au Ryzen inayozima prosesa ikiwa na nyuzi 65 haizimi kwa sababu ya joto la prosesa. Kagua pawa saplai, waya na umeme wenyewe, ambao huku wenyeji hawahitaji kuelezwa.

Tofauti kati ya viini

Vihisi vya joto vya Intel vimerekebishwa viwe sahihi karibu na kikomo, siyo kwenye joto la chini. Mashine ikiwa imetulia, kiini kimoja kusoma 34 na jirani yake 41 si habari. Kwenye Core 2 Duo na Core 2 Quad, ambazo bado zipo kwenye ofisi nyingi, kuna vihisi vinavyoganda kabisa kwenye namba moja mpaka joto lipande ndipo viamke. Basi usihukumu tofauti ya viini mpaka vyote vimebebeshwa mzigo sawa. Programu inayotumia kiini kimoja tu itakipasha hicho kimoja, na hapo hakuna hitilafu yoyote.

Mzigo ukiwa sawa, tofauti ya hadi nyuzi 10 ni ya kawaida. Viini vya katikati vimezungukwa na wenzao, vya pembeni vina nafasi ya kupumua. Ikizidi 15, shuku mguso kati ya prosesa na hitisinki.

Namba nyingine ni za uongo tangu mwanzo. Ukiona kihisi kinasoma 127 mfululizo bila kutikisika, hicho hakijaunganishwa na chochote, kiache. Na ukiona prosesa inasoma 18 kwenye chumba cha nyuzi 30, kihisi ndicho kimekosea. Ryzen 7 1700X na 1800X nazo ziliripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi kwa makusudi ya kiwanda, na 2700X nyuzi 10. Programu za kisasa zinaonyesha namba zote mbili. Soma ile halisi, inayoandikwa Tdie.

Kupima

Kwenye Windows soma joto kwa programu ya HWiNFO au Core Temp. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors kisha andika sensors. Washa mashine, funga kila kitu, iache dakika 10. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone prosesa inatumika kwa asilimia ngapi. Ikiwa umefunga kila kitu na bado inaonyesha 30 au zaidi muda wote, ubovu si wa feni. Aidha Windows inapakua masasisho, au kuna kirusi kinachochimba sarafu za kidijitali kwa gharama ya umeme wako. Mashine za steshenari zinazopokea flashi za kila mtu ndizo zinazoongoza kwa hili. Baadhi ya virusi hivyo hujificha mara tu unapofungua Task Manager, basi angalia pia kama joto linashuka ghafla wakati huohuo. Likishuka, umempata.

Baada ya hapo washa Prime95 (programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito), chagua Small FFTs, na uandike joto la kila kiini kwenye sekunde ya 5, dakika ya 1, ya 5 na ya 15. Likikaribia kikomo, simamisha, usisubiri dakika zitimie. Ukisimamisha, angalia linavyoshuka. Prime95 inakamua prosesa kuliko kazi yoyote ya ofisini. Ikivumilia hapo, kutoa kopi na kuandika barua hakutaishinda.

Sasa soma ulichoandika.

Joto likiruka kutoka 40 hadi 90 ndani ya sekunde mbili tatu, na likaanguka hivyohivyo unaposimamisha, basi joto haliendi kwenye hitisinki. Gusa ubavu wa hitisinki kwa kidole, mbali na mapanga ya feni: prosesa inalia 95 na chuma ni vuguvugu tu. Huo ni ubovu wa mguso. Ama pini moja ya kubana kipozaji imetoka, ama pesti imekauka, ama kuna nailoni ya kiwandani iliyosahaulika chini ya kipozaji kipya.

Joto likipanda taratibu, 60, 68, 77, 85, bila kutulia hata baada ya robo saa, na hitisinki yenyewe haishikiki, mguso ni mzuri. Joto linafika kwenye chuma ila hewa haiji kulichukua. Hapo tafuta vumbi, feni na njia ya hewa.

Kipimo kimoja zaidi kabla ya kushika bisibisi: fungua kifuniko cha ubavuni mzigo ukiendelea. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, kasha halipumui. Lisiposhuka, ubovu uko kwenye kipozaji chenyewe. Na kwenye Dell OptiPlex na mashine nyingine za ofisi zenye bomba la plastiki la kuongoza hewa, joto linaweza hata kupanda ukifungua, kwa kuwa kifuniko ni sehemu ya njia ya hewa. Mashine hizi zikifunguliwa mara moja, hilo plastiki mara nyingi halirudishwi. Kama mashine yako ina matundu ya kulishikia na plastiki halipo, usiendelee kutafuta mbali.

Vumbi

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde tano ili chaji iliyobaki iishe, halafu itoe mashine nje. Kupuliza ndani ya ofisi ni kuhamishia vumbi kwenye mashine ya jirani. Kiangazi cha huku ni kikavu na umeme tuli unapatikana kwa urahisi, kwa hiyo gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na urudie kila ukiondoka na kurudi.

Vumbi la juu halikusumbui. Linalokusumbua liko kati ya feni na mapezi ya hitisinki, mahali pasipoonekana. Mulika tochi ya simu kati ya mapanga: kama huoni mwanga ukipenya upande wa pili, kuna zulia limejitandika pale. Tumia brashi ya rangi ya inchi moja, laini na mpya, pamoja na bloa ndogo ya umeme. Shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza; ikizungushwa na upepo mkali beringi inaumia, na mota inageuka jenereta inayorudisha umeme kwenye mazabodi. Kompresa ya fundi pancha iache. Mgandamizo wake ni mkubwa na inatema maji. Pawa saplai ipulize kupitia matundu yake tu, usiifungue, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa.

Kasha liwe na sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, nyuma. Lisifungiwe ndani ya kabati la meza. Na kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya kasha kipendezeshe kwingine, hasa kama matundu ya hewa yako juu.

Feni

HWiNFO inaonyesha mzunguko wa feni kwa dakika. Ya kiwandani ya Intel huzunguka kama 1,000 mashine ikitulia na kupita 2,000 mzigo ukiwa mkubwa. Ikibaki 700 prosesa ikiwa 90, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza) uangalie mpangilio wa feni. Mpangilio wa kimya huchelewesha feni kupita kiasi. Weka ifike asilimia 100 prosesa ikiwa na nyuzi 75. Kama mpangilio unapotea kila mashine ikikaa bila umeme, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imekufa.

Waya wa feni uingie kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Feni ya waya tatu itafanya kazi kwenye pini nne, ila BIOS iwekwe kwenye DC (kuongoza feni kwa volti), la sivyo itazunguka kwa kasi moja tu muda wote. Izungushe kwa kidole umeme ukiwa umekatwa: nzuri inaendelea mizunguko kadhaa, mbovu inasimama hapohapo. Tone la mafuta ya cherehani linaweza kuifufua kwa muda, lakini agiza nyingine wakati huo inakusogeza.

Pini na pesti

Hapa ndipo tofauti ya viini huzaliwa. Kipozaji cha kiwandani cha Intel kinabanwa na pini nne za plastiki. Kila moja ina mguu mweupe uliopasuliwa, na kijiti cheusi kinachopita katikati yake na kuutanua nyuma ya mazabodi. Pini moja isipofika, kona moja ya hitisinki inanyanyuka kwa kiasi cha unene wa karatasi, na viini vilivyo upande huo vinaachwa na joto lao. Kwa juu unaweza kuona pini zote zimekaa vizuri. Toa mazabodi, au angalia kupitia tundu la nyuma la kasha kama lipo: miguu yote minne lazima ifanane, na kijiti cheusi kionekane kati ya kila mguu. Mguu uliovunjika hauna gundi ya kuutibu. Pini zinauzwa pekee, au unachukua kipozaji kutoka mashine iliyokufa ya soketi (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) ileile.

Kupachika: zungusha kichwa cha kila pini kinyume na mshale mpaka kigote, maana mshale unaonyesha upande wa kufungulia. Kalisha hitisinki, bonyeza pini mbili zinazotazamana kimshazari kwa wakati mmoja hadi zilie, kisha mbili zilizobaki. Vipozaji vya skrubu navyo hukazwa kimshazari, mizunguko miwili miwili. Ukiikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, hitisinki inainama na pesti inakimbilia upande mmoja.

Ryzen za soketi ya AM4 zina miguu chini ya prosesa yenyewe. Ukivuta kipozaji kwa nguvu pesti ikiwa imekauka, prosesa inatoka nayo na miguu inapinda. Endesha mashine dakika 10 ipate joto, zima na uchomoe waya, legeza, kisha sokota kipozaji kulia na kushoto polepole kabla ya kunyanyua.

Safisha pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 au zaidi, acha dakika tano ikauke. Konyagi haifai, ina maji mengi kuliko kileo. Kitakasa mikono cha jeli nacho kinaacha utando. Weka tone moja katikati, kati ya punje ya mchele na punje ya choroko, uache uzito wa kipozaji ulitandaze. Prosesa za LGA1700 (soketi ya Intel Core za kizazi cha 12 hadi 14) ni ndefu upande mmoja, hizo ziwekee mstari mfupi wa kufuata urefu. Pesti nyingi haipozi zaidi, inazidi kumwagika. Dawa ya meno inafanya kazi siku chache, kisha inakauka na kuacha joto kubwa kuliko mwanzo.

Kwa prosesa ya ofisini ya wati 65, pesti ya bei ya chini na ya bei kubwa hutofautiana nyuzi chache tu. Pesa yako itumie kwenye pini nzima. Pesti za metali ya majimaji ziache kabisa. Zina galiamu, inayokula alumini, na vipozaji vingi vya kiwandani ni alumini.

Angalia pia kama kipozaji kinalingana na prosesa. Mashine za mtumba hupandishwa daraja bila kubadilishiwa kipozaji: i3-2100 ya wati 65 inatolewa, i7-2600 ya wati 95 inaingia kwenye soketi ileile, na kile kidude chembamba cha alumini kinabaki. Kipozaji cha wati 95 ni kinene zaidi na kina shaba katikati.

Ukishafanya yote na tofauti ikabaki

Geuza hitisinki nyuzi 90 ikiwa mraba, au 180, paka pesti upya, upime tena. Kiini chenye joto kikibadilika, hitisinki au mgandamizo wake haujalala sawa. Kikibaki kilekile, ubovu uko ndani ya prosesa. Intel Core za kizazi cha tatu hadi cha nane kwa kawaida zina pesti chini ya kifuniko cha chuma badala ya risasi ya kulehemu, na baada ya miaka pesti hiyo huzeeka bila kulingana. Kuna wanaofungua kifuniko hicho. Kwa mashine inayolisha familia, hatari haistahili.

Kwa LGA1700 kuna sababu nyingine: kibano cha soketi kinaikandamiza prosesa katikati na kuipinda kidogo, mguso unapungua katikati. Fremu ya kubadilisha kibano hicho ipo na inasaidia. Na mazabodi nyingi za kizazi hiki zimeachiwa wati bila breki: i7-12700 inaandikwa wati 65 lakini inaweza kuvuta 180. Kwenye BIOS rudisha PL1 (kikomo cha wati za muda mrefu) iwe 65. Ryzen 7000 za herufi X zimetengenezwa zifike 95 zikibebeshwa mzigo wote. Hizo zipe Eco Mode (mpangilio wa kutumia wati chache) kama kelele inakukera.

Mashine ya zamani isiyo na mipangilio hiyo ina njia ya mkato kwenye Windows: mipangilio ya kina ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa, toa 100 weka 99. Turbo Boost (kasi ya ziada ya prosesa) inazimika na nyuzi 10 au zaidi zinaweza kuondoka. Word na Excel hazitajua.

Mashine inayotoka Dar es Salaam kwa basi au treni ilazwe ubavu, mazabodi ikiwa chini na kipozaji kikitazama juu, siyo kusimamishwa. Ikisimama, uzito wa kipozaji unaning'inia kwenye pini njia nzima. Ikifika, fungua kifuniko na uzikague pini zote nne kabla ya kuchomeka umeme.